Mkataba Umesema "Shaba" Tu: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sanamu za Majengo ya Umma

Tangu tulipogusia mapambo ya majengo ya umma katika toleo lililopita, wasomaji watano wameniandikia kuhusu sanamu za shaba, na kwa kuwa maswali yao yanashikana nimeona niyajibu kwa pamoja. Ya kwanza ndiyo barua nzito, nayo itakula nafasi kubwa kuliko nyingine. Wanaonifahamu wanajua kwamba nilishika udongo na tupa miaka mingi kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo wanisamehe nikikaa karakanani zaidi ya inavyotarajiwa katika safu ya gazeti.

Mimi ni mjumbe wa kamati ndogo inayosimamia utengenezaji wa sanamu itakayosimama kwenye ua wa mbele wa jengo jipya la taasisi moja ya umma hapa Dar es Salaam, si mbali na bahari. Rasimu ya mkataba inasema "sanamu ya shaba yenye urefu wa mita 3.5". Tumepokea maombi mawili. Bei ya mmoja ni karibu mara tano ya mwenzake, na wote wawili wanasema kazi yao ni shaba. Wenzangu wanataka tuchukue ya bei ndogo tumalize shughuli. Je, shaba si shaba tu? Na je, upepo wa chumvi hautaila? – Mjumbe, Ilala

Ndugu Mjumbe, wasiwasi wako umeanzia mahali pake hasa, yaani kwenye neno. Sisi tunalo neno moja, shaba, na tunalitumia kwa metali tatu zilizo mbalimbali. Waya wa umeme ni shaba, sinia la bibi ni shaba, na medali ya mshindi wa tatu nayo ni shaba. Ya kwanza ni shaba nyekundu, ambayo haikuchanganywa na kitu. Ya pili ni shaba iliyochanganywa na zinki, ndiyo ile ya njano. Na ya tatu ni shaba iliyochanganywa na bati, ambayo kamusi huiita shaba nyeusi na mafundi wengi siku hizi huiita bronzi. Hapo kwenye bati pia pana mtego mdogo, kwa sababu bati ninalolisema si lile la kuezekea nyumba, ambalo ni chuma kilichopakwa zinki, bali ni metali laini, nyeupe, inayoyeyuka kwa nyuzijoto 232 tu.

Tusijilaumu kupita kiasi, maana wenye lugha nyingine nao hupotea hapohapo. Zile sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin yaliyochukuliwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897, ambayo dunia nzima inayaita bronzi, mengi yake yakipimwa huonekana kuwa ni shaba ya zinki. Makumbusho yanaweza kuvumilia jina lisilo sawasawa. Mkataba wa fedha za umma hauwezi, kwa kuwa mzabuni aliyeleta kitu chochote chenye chembe ya shaba ndani yake atakuwa ametimiza maneno yenu, na mkienda kulalamika atawasomea sentensi yenu wenyewe.

Kwa hiyo mkataba utaje mchanganyiko kwa asilimia. Kwa sanamu za nje mapishi mawili yamezoeleka: la kwanza lina shaba 85, halafu bati, zinki na risasi 5 kwa kila moja, la pili lina shaba 95 hivi, silikoni 4 na manganizi 1, na mafundi wa leo wengi hulipenda hili kwa sababu huchomelewa vizuri na halina risasi. Chagueni moja, liandikeni, kisha dai lenu lingine liwe kipande cha majaribio kilichomiminwa kutoka katika chungu kilekile cha siku ileile, ili kipelekwe kupimwa. Vipo vifaa vya miale ya eksirei, vya kushika mkononi kama mashine ya kukaushia nywele, vinavyosoma mchanganyiko wa metali kwa sekunde chache, na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanavijua kuliko wasanii.

Sijayaona maombi yenyewe, lakini tofauti ya mara tano hunifanya nimshuku mwenye bei ndogo kuwa anauza faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ya viwandani ambayo imekorogwa na unga wa shaba. Kazi hiyo si haramu, na nimeona nzuri zake zikipendeza ndani ya kumbi, kwa sababu unga ule ukisuguliwa hung'aa kama shaba yenyewe. Ila ikisimamishwa nje, jua letu huiparuza gundi mwaka hadi mwaka mpaka ngozi ya juu igeuke kuwa vumbi kama chaki, na hapo hakuna cha kusugua tena. Kama taasisi ina fedha za faiba, basi iandike faiba na ilipe bei ya faiba.

Kuna hesabu moja ambayo kila mjumbe wa kamati anaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Mtu mzima wa kilo 70 ana ujazo wa lita 70 hivi, na ngozi yake ikitandazwa hufika karibu mita 2 za mraba. Lita moja ya shaba nyeusi ina uzito wa kilo 8.8. Sanamu ya urefu wa mtu, ikisubiwa, yaani ikimiminwa kwa metali iliyoyeyushwa, bila uwazi ndani, ingezidi kilo 600. Lakini hakuna fundi mwenye akili zake anayefanya hivyo, kwa sababu metali nene hupoa bila ulinganifu, ikajivuta na kupasuka. Sanamu huwa ganda tupu lenye ukuta wa milimita 5 au zaidi kidogo, kwa hiyo mita zile 2 za mraba huzaa lita 10 za metali, yaani kilo 88 kabla hujaongeza mikunjo ya nguo na bamba la miguuni. Sasa sanamu yenu ni ya mita 3.5, mara mbili ya urefu wa mtu, na hapa ndipo kamati nyingi huteleza, kwa kudhani urefu ukizidi mara mbili gharama nayo itazidi mara mbili. Eneo la ngozi huzidi mara nne. Mnazungumzia kilo 350 kwa uchache, wakati umbo hilohilo la faiba lenye ukuta uleule haliwezi kuvuka sana kilo 65. Mwambieni kila mzabuni aandike uzito anaoutarajia. Jibu lake litawaeleza mengi kuliko picha za rangi alizowaletea.

Baada ya hapo kamati isingoje siku ya kuzindua. Fundi huanza kwa udongo wa mfinyanzi uliojengwa juu ya kiunzi. Udongo ukikubaliwa, hupakwa mpira wa silikoni, ambao hunakili hata alama ya kidole gumba, na nje ya mpira hufungwa plasta ya kuushikilia. Ndani ya ganda hilo humiminwa nta ya moto, ikazungushwa na kumwagwa, ikazungushwa tena na kumwagwa, mpaka ukuta wa nta ufikie unene unaotakiwa. Nta hupachikwa vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya kupitisha metali na matundu ya kutolea hewa, kisha huchovywa mara nyingi katika uji wa mchanga laini, ikikaushwa kila baada ya kuchovywa, hadi ipate gamba gumu. Gamba likiingia tanurini nta hutiririka yote ikatoka, pakabaki uwazi, na katika uwazi huo ndimo shaba ya nyuzijoto 1,100 na zaidi husubiwa. Sanamu ya kimo chenu haitoki kwa mkupuo mmoja; hutoka vipande vipande, vikachomelewa, vikapigwa tupa na kuchongwa upya pale palipoungwa, ndipo ikapakwa dawa na kupashwa moto wa gesi ili ipate rangi.

Nendeni mara tatu. Nendeni kwenye udongo, kwa kuwa pua isiyofanana na mwenyewe hurekebishwa kwa nusu saa ikiwa udongo, na kwa machozi ikiwa shaba. Kama sanamu ni ya mtu aliyefariki, wapelekeni wazee wa familia siku hiyo, si siku ya utepe. Nendeni kwenye nta, mkapime unene wa ukuta pale kwenye mipaka ya vipande. Na nendeni shaba ikiwa bado uchi, haijatiwa rangi, kwa sababu rangi huficha viraka. Chukueni sumaku na nyundo ndogo ya mbao. Shaba nyeusi haishikwi na sumaku, kwa hiyo ikinasa mahali mjue pana chuma. Na ukiigonga hulia kwa sauti inayokaa hewani, wakati mahali palipozibwa kwa gundi husikika kama mlango wa kabati. Malipo nayo yafuate ziara hizo tatu, kila ziara na saini zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hili la sanamu linahitaji daftari nene.

Kuhusu bahari, habari ni nzuri kuliko unavyohofu, mradi msikosee ndani. Hewa ya kawaida huivika shaba ngozi ngumu ya kahawia, halafu ya kijani, na ngozi hiyo huilinda. Chumvi ndiyo mkorofi. Inapoingia katika vinyweleo vya metali hutoa unga wa kijani kilichopauka, unaobaki kidoleni ukiugusa, na chini ya unga huo shaba inaliwa kidogo kidogo. Dawa yake ni nta, pamoja na maji baridi yasiyo na chumvi, nami nitaieleza kwenye barua ya mwisho. Kinyesi cha kunguru wetu hawa weusi pia hula rangi, basi msiiweke sanamu chini ya mti wanaolala.

Kosa kubwa hufanyika mahali pasipoonekana. Niliwahi kuitwa kuangalia sanamu moja ya pwani, nisingependa kutaja ilipo, ambayo kitako chake cha terazo nyeupe kilikuwa kimechorwa michirizi miwili, mmoja wa kijani na mmoja mwekundu. Ule wa kijani sikuushangaa. Mwekundu ulinitia shaka, tukatoboa tundu dogo karibu na kisigino, na maji yakatoka kwa karibu dakika nzima, mekundu kama chai ya rangi. Ndani walikuwa wameweka kiunzi cha nondo za kawaida za ujenzi, na hawakuacha hata tundu moja la kutolea maji. Shaba na chuma zikigusana penye maji ya chumvi huwa kama betri, na katika betri hiyo anayekufa ni chuma. Hata ile Sanamu ya Uhuru ya New York, ambayo ngozi yake ni shaba nyekundu ya unene wa milimita 2.4 tu, iliponea chupuchupu kwa sababu hiyohiyo: mbavu zake za chuma zilivimba kwa kutu na kuzing'oa misumari ya shaba, ikabidi katika matengenezo ya 1984 hadi 1986 mbavu zile zitolewe na kuwekwa za chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo mkataba utaje kiunzi na boliti za chuma kisichoshika kutu, cha daraja la 316 linalohimili bahari, na matundu ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa.

Mwisho, tengeni fungu la matunzo katika bajeti ya kila mwaka na mwandike ni idara ipi inayolishika. Fikirieni na wezi. Mwezi Desemba 2005 sanamu ya mchongaji Mwingereza Henry Moore yenye uzito wa takriban tani 2 iliibwa usiku kwa winchi huko Hertfordshire, Uingereza. Ilithaminiwa pauni milioni 3, na polisi waliamini baadaye kwamba ilikatwakatwa na kuuzwa kama chakavu kwa pauni zisizozidi 1,500. Nasi tunaishi katika jiji ambalo mifuniko ya mitaro huota miguu.

Mwalimu wetu alitupeleka pale Posta kuiona sanamu ya Askari, akasema ni ya shaba. Mbona ni nyeusi? Na iliagizwa na nani? – Mwanafunzi, Kariakoo

Ni shaba nyeusi kwelikweli, na mwalimu wako amesema sawa. Rangi unayoiona ni ile ya dawa na moto niliyoitaja hapo juu, ikaongezewa na karibu miaka mia moja ya hewa ya bandari na moshi wa magari. Iliagizwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza, ikafinyangwa na mchongaji James Alexander Stevenson, ikasubiwa London, ikazinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari wa Kiafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi na Mombasa nazo zilipata zao wakati huohuo. Maneno yaliyoandikwa kwenye kitako ni ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Ukienda tena, isome ile ya Kiarabu pamoja na mtu anayeijua, kwa sababu ndivyo babu zetu wengi wa pwani walivyokuwa wakiandikiana.

Jambo ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba mahali hapo palikuwa na shaba nyingine kabla yake. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann, juu ya jabali, na chini yake wakamweka askari Mwafrika aliyeshika bendera akimtazama bwana wake kwa kuinua kichwa. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliiondoa na kuipeleka kwao kama nyara, baadaye ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa kwenye Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa juu, wakaiangusha tena mwaka 1968. Basi katika muda usiofika miaka ishirini askari yule alihama kutoka chini ya kitako hadi juu yake, japo kwa matakwa ya mtawala mwingine. Nadhani ndiyo sababu moja ya kuachwa pale baada ya Uhuru: wapita njia walimwona askari, hawakumwona aliyelipa. Mpagazi, ambaye alikufa kwa maradhi na njaa kwa idadi kubwa kuliko mwenye bunduki, hakupanda juu ya kitako. Yeye amebaki katika jina la mtaa wako, kwa kuwa Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi kama midomo ya wenyeji ilivyolitamka.

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana mchongaji wa mpingo pale Mwenge. Nimesikia kazi hizi hutangazwa, lakini naogopa kwamba shaba si fani yangu. Na nikipata, jina langu litaandikwa, au nikishalipwa imekwisha? – Mchongaji, Kinondoni

Marahaba, mwanangu. Nianze na fani. Wewe umezoea kupunguza, na mfinyanzi huongeza, lakini karakana ya kusubu haijali umbo lilikujaje. Mpira wa silikoni hunakili mpingo uliosuguliwa vilevile unavyonakili udongo. Unaweza kuchonga kinyago chako kidogo kikawa mfano, kikakuzwa kwa vipimo. Jihadhari na mambo mawili. Umbo la ujamaa la Wamakonde, lenye watu waliopandana na nafasi za wazi kati ya viungo, ni tamu kwa macho na chungu kwa kalibu, yaani ganda la kusubia, kwa kuwa kila tundu linataka kipande chake cha ganda, na bei hupanda kwa kila tundu. Tena shaba hujivuta inapopoa, kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo mfano wa mita 2 utakupa sanamu iliyopungua sentimita 4. Kwa upande mwingine, shaba itakuruhusu kitu ambacho gogo limekunyima maisha yako yote: mkono mwembamba ulionyooshwa mbali na mwili bila kuogopa ufa.

Zabuni za umma siku hizi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na bila kujisajili humo utakuwa unasikia habari zake barazani tu. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalumu, wakiwamo vijana, basi unganeni wachongaji watatu au wanne mjisajili kama kikundi. Jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi zenu mzisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema.

Kuhusu jina, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakupa haki ya kutajwa kuwa ndiwe uliyeifanya kazi, na haki ya kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima, hata kama haki za mapato umezihamisha. Lakini sheria iliyolala kabatini haichongi jina kwenye kitako. Liwekeni katika mkataba: jina liandikwe wapi, kwa herufi za ukubwa gani. Wenzetu wa Afrika Kusini wana kisa chake. Tarehe 16 Desemba 2013, siku moja baada ya maziko ya Mandela, ilizinduliwa sanamu yake ya shaba ya mita 9 kwenye Majengo ya Muungano, makao ya serikali mjini Pretoria, kazi ya André Prinsloo na Ruhan Janse van Vuuren. Wachongaji hao walikuwa wameomba wachore majina yao kwenye suruali ya sanamu, wakakataliwa. Mwezi uliofuata ikagundulika kwamba ndani ya sikio la kulia wameficha sungura mdogo wa shaba, ambaye kwa Kiafrikaans huitwa haas, neno ambalo pia maana yake ni haraka, kwa kuwa walikuwa wamesukumwa sana na muda. Serikali iliagiza sungura aondolewe. Mimi niliyekua kwa hadithi za sungura mjanja nilicheka sana nilipoisoma habari hiyo, ila kosa nililiona liko pande zote mbili: mwenye jengo alikuwa mchoyo wa saini, na fundi akalipiza katika sikio la mzee wa watu.

Mbele ya ofisi yetu imewekwa sanamu katikati ya njia tunayopita wote. Je, watumishi tukikusanya saini inaweza kuondolewa? – Mtumishi wa umma, Temeke

Inaweza, ila msitarajie wepesi, na ninyi mmekuwa na bahati kama njia bado ipo pembeni yake. Kule Marekani, ambako serikali kuu hutenga nusu ya asilimia moja ya makisio ya ujenzi kwa ajili ya kazi za sanaa, mwaka 1981 mchongaji Richard Serra alisimamisha ukuta wa chuma wa mita 36 na nusu, wenye kimo cha mita 3.66, katikati ya uwanja wa jengo la serikali mjini New York. Watumishi walilazimika kuuzunguka kila siku, wakalalamika. Katika kikao cha hadhara cha mwaka 1985 watu 122 walisema ubaki na 58 wakasema uondoke, lakini jopo likaamua uondoke kwa kura 4 dhidi ya 1, na baada ya kesi ndefu ukakatwa na kubebwa usiku wa Machi 1989. Serra alisisitiza kwamba kazi iliyobuniwa kwa ajili ya mahali fulani ikihamishwa imekufa. Nikuambie ukweli, huwa sina huruma sana na sanamu inayomzungusha mjamzito wakati wa kuingia kazini, lakini lawama naielekeza kwa aliyepitisha ramani bila kusimama uwanjani saa moja na nusu asubuhi. Andikeni barua ya kuomba isogezwe, si ya kuomba ivunjwe. Kama imefungwa kwa boliti, kuisogeza ni kazi ya kreni na siku moja.

Mimi ni mhudumu wa usafi. Bosi ameniambia sanamu ya shaba ing'ae kabla ya mgeni rasmi kufika. Nilitaka kutumia ndimu na majivu kama tulivyokuwa tukisugua masinia nyumbani. Ni sawa? – Dada wa usafi, Kivukoni

La, dada yangu, tafadhali usifanye hivyo. Sinia la shaba linatakiwa kuwa la njano, na ndimu huliondolea uchafu pamoja na ngozi yake ya juu, kesho ukalisugua tena. Sanamu ngozi yake ya kahawia ndiyo rangi iliyolipiwa, nayo ndiyo kinga yake. Ukiipitishia ndimu utabaki na mabaka ya waridi ambayo hakuna kitambaa kitakachoyafuta, na fundi atakayekuja kuyarekebisha atadai kuliko mshahara wako wa miezi mingi. Dawa za dukani za kung'arishia shaba nazo ziache.

Fanya hivi asubuhi na mapema, kabla jua halijaipasha moto. Imwagie maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, ukianzia kichwani kushuka chini. Weka sabuni laini ya maji kidogo kwenye ndoo, usugue kwa brashi ya manyoya laini, na kinyesi cha kunguru ukiloweshe kwanza kwa dakika kumi badala ya kukikwangua. Suuza mpaka povu liishe, kausha kwa kitambaa cha pamba. Ikikauka kabisa, pakaa nta nyepesi isiyo na rangi, tabaka jembamba sana, iache kidogo, kisha pitisha kitambaa safi kwa kuzungusha mkono. Itapata mng'ao uliotulia, kama kiatu kilichopigwa brashi. Kuosha kwa maji kuwe kila mwezi, maana mko karibu na bahari, na nta iwe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kama kwenye kitako kuna bamba la maandishi ambalo tangu mwanzo liliachwa la njano, hilo unaweza kuling'arisha kwa dawa, mradi ubandike utepe wa karatasi wenye gundi pembeni yake ili dawa isichirizike kwenye jiwe.

Na bosi akiuliza kwa nini haing'ai kama sinia, mwonyeshe ukurasa huu.